Likizo Tuliyoificha

Tunaandika wawili, mume na mke, kwenye meza ya jikoni, na kalamu inapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Pale tulipokubaliana tutasema "sisi". Pale tulipokosana tutasema "mmoja wetu", na anayetufahamu hatapata shida kujua ni yupi.

Tumekaa katika ndoa miaka 31. Katika miaka hiyo tumesafiri kuliko majirani wengi. Dodoma tumekwenda kuzika. Arusha tumekwenda harusi nne, na misiba ambayo hatukuihesabu. Dar es Salaam tumekwenda kumwangalia binti aliyejifungua na shemeji aliyelazwa. Hatukuwahi kwenda mahali ambako hakuna mtu wetu aliyekufa, aliyeoa au aliyeugua. Mmoja wetu alikuwa mwalimu, mwingine muuguzi. Likizo za kazini tulizipata kila mwaka, na kila mwaka tulizimalizia kihambani, kwenye migomba na kahawa, au kwenye kamati za usharika. Desemba ndiyo kabisa. Kwetu mlimani Kilimanjaro, Desemba watoto wote wanarudi nyumbani, na mwenye nyumba haendi popote: anachinja, anapika, anagawa nyama, na Januari anaanza kulipa madeni.

Bahari tulikuwa tumeiona mara moja tu, kupitia dirisha la daladala, tukiwa na mgonjwa katikati yetu. Mmoja wetu alisema, "Ile pale." Gari likakata kona.

Wazo la kwenda kukaa pwani lililetwa na mke, na mume hakulipenda. Tunaliandika wazi kwa sababu siku hizi mume anapenda kusema lilikuwa lake. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya kustaafu. Miguu ya mke ilikuwa inavimba jioni, malipo ya miaka mingi ya kusimama wodini, na jioni moja alisema anataka kukaa siku 7 mahali ambapo hakuna mtu atakayepiga hodi. Si hospitali, wala si kwa mtoto. Mahali pa kukaa tu, akitazama maji. Mume akauliza, "Tukifanya nini?" Akajibiwa, "Hakuna." Neno hilo lilimtisha kuliko gharama.

Na gharama nayo ilikuwapo. Ni lazima tueleze kwamba mume alikuwa mtunza hazina wa kamati ya ujenzi. Usharika ulikuwa unapaua kanisa jipya, na kwa mwaka mzima kichwa chake hakikuhesabu tena kwa shilingi bali kwa bati. Bati moja tulikuwa tunalinunua kwa 32,000. Tulipoandika bajeti ya safari nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, ikawa hivi: nyumba ya kupanga usiku 7 kwa 50,000, hiyo ni 350,000, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, 140,000, chakula 150,000. Jumla 640,000. Mume akaitazama ile namba, akasema, "Bati 20." Mke akakunja kalenda, akaenda kulala.

Fedha ile tuliiweka kwa miezi 14, ya maparachichi na ya mikungu ya ndizi, ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati. Hatukugusa ahadi yetu ya ujenzi. Hiyo tuliimaliza kwanza, mwezi wa tatu. Tunalisema hili mapema kwa sababu mbele litaulizwa.

Tulichagua Pangani kwa sababu ya kuchekesha kidogo: hatuna ndugu Pangani. Dar es Salaam tungefikia kwa watu, na kufikia kwa watu ni kazi nyingine. Tanga mjini yupo binamu. Zanzibar bei ilitushinda. Lakini kutoka Moshi basi linateremka kupitia Same, Mombo na Korogwe mpaka Segera, linakata kwenda Muheza na Tanga, safari ya kilomita kama 350. Halafu Pangani iko kilomita 50 hivi kusini ya Tanga, mahali mto Pangani unapoingia baharini. Ukivuka mto kwa kivuko unafika Bweni, na ukiendelea kusini unafika Ushongo, kijiji cha wavuvi chenye minazi na mchanga mrefu. Na maji ya mto ule yanatoka kwetu. Mvua inayonyesha juu ya migomba yetu inateremka Nyumba ya Mungu, inapita upareni na Korogwe, inaishia pale. Mke aliliona hilo kwenye ramani ya shule iliyobaki nyumbani, akasema maji yetu yamekwenda pwani miaka yote sisi tukiyatazama yakiondoka.

Tuliamini kwamba kupanga likizo ni kupanga siku na fedha. Kumbe pwani kuna mambo mengine. Machi hadi Mei ni masika, mvua na tope barabarani. Katikati ya mwaka inavuma kusi, bahari inachafuka. Desemba mpaka Machi ni kaskazi, joto kali, na watu wa mlimani hatulijui joto. Tukachagua mwanzo wa Septemba, kusi ikianza kupungua, mahindi yakiwa yamevunwa, na kabla ya mvua za vuli.

Halafu tukaibiwa. Mtu mmoja alituma kwenye simu picha za nyumba nzuri yenye baraza, bahari mlangoni. Alizungumza kwa adabu, alituita baba na mama, akaomba 100,000 ya kushikilia nafasi kwa sababu kuna Wazungu wanaitaka. Tukatuma. Kesho yake simu haipatikani, na mpaka leo haipatikani.

Hapo tulikosana vibaya. Mmoja wetu alisema, "Mungu ametuonyesha. Hataki." Mwingine akasema, "Mungu hakutuibia. Tumeibiwa na mtu." Siku mbili hatukusemezana isipokuwa kuhusu ng'ombe. Mume alikuwa amekwisha kugeuza ile 100,000 kuwa bati 3 na kipande, na kila akipita kwenye jengo aliona tundu darini lenye ukubwa huo huo. Mke alikumbusha kwamba mwaka uliopita usharika ulidanganywa na muuza mbao, na hakuna aliyesema Mungu hataki kanisa lijengwe. Tumeliwaza jambo hili mara nyingi tangu hapo. Ni rahisi mno kusikia sauti ya Mungu inapokubaliana na woga wetu. Tukapunguza usiku 7 kuwa 5, hesabu ikarudi sawa: 540,000.

Nyumba ya pili tuliipata kupitia kwa muuguzi aliyewahi kufanya kazi na mke na ambaye shangazi yake anaishi Ushongo. Shangazi yule hakutaka hata senti mpaka tufike. Alichotaka kujua kwenye simu ni kama tunajua kuogelea. Tukasema hatujui. "Basi msije bamvua, njooni maji mafu," akasema, na alipoona tumenyamaza akacheka, akatufundisha. Mwezi ukiwa mwandamo au ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti yake ni zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haina haraka. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Kwa hiyo mgeni asiseme tu "kesho asubuhi tutaoga". Kwanza aulize maji yatakuwa wapi.

Usiku ule tulitoka nje kutazama mwezi juu ya migomba, watu wazima wawili waliostaafu, tukihesabu kwa vidole. Tulisoma pia ule mlango wa 4 wa Waraka wa Yakobo, anapowaonya wanaopanga kwenda mji fulani na kukaa huko bila kujua ya kesho. Tulikuwa tumeusikia ukihubiriwa mara nyingi kama katazo la kupanga. Safari hii hatukuona hivyo. Shangazi wa Ushongo alipanga kila kitu cha maisha yake, kufua, kuvua, kwenda ng'ambo, lakini alipanga akijua kwamba maji si yake. Tulidhani tumeuelewa mlango ule. Haikupita wiki tukaona kwamba bado.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Mtunza hazina hawezi kuondoka wiki nzima bila kuaga. Alhamisi kwenye jumuiya mmoja wetu akaanza, "Juma lijalo hatutakuwapo, tunakwenda Tanga," na mtu akauliza, "Kuna nini Tanga?" Swali la kawaida kabisa. Nje ya dirisha lilionekana kanisa, upande mmoja umeezekwa, upande mwingine mbao tupu. Tuliona aibu. Na mwingine wetu, ambaye hatutamtaja, akasema, "Ni hii miguu ya mama."

Hapakuwa na uongo katika maneno yale ukiyapima moja moja. Miguu ilivimba kweli. Tanga tulikuwa tunaipita kweli. Kuna mtu aliwahi kumwambia mke kwamba maji ya chumvi yanasaidia. Lakini kila aliyekuwa mle chumbani alielewa hospitali, na sisi tulijua wanaelewa hospitali, tukatazama chini, tukaitikia "Amina" walipotuombea.

Siku tatu baadaye, jioni, hodi. Jumuiya nzima, watu 14, wameketi sebuleni kwetu, wengine kwenye ndoo zilizogeuzwa. Wameimba, wameomba, wamemwekea mke mikono juu ya magoti. Kisha katibu akatoa bahasha, 74,500, akasema ni kidogo, ni ya dawa. Aliyetoa 5,000 kati ya hizo alikuwa bibi mmoja mjane ambaye sote tunajua anaishi kwa kuuza mayai. Na mayai nayo alileta, 6, yamefungwa kwenye kitambaa, ya mgonjwa kula njiani.

Hatukulala. Mume hakusema idadi ya bati. Tulikaa kitandani bahasha ikiwa juu ya Biblia, na kila mmoja alikuwa na pendekezo lake baya. Mmoja alisema tuiingize yote kwenye ujenzi kimyakimya. Mwingine alisema tuahirishe safari, twende hospitali kweli, ili yale maneno yawe kweli. Hilo la pili tulilijadili kwa muda mrefu kuliko tunavyopenda kukiri. Wapendwa, uongo mdogo una njaa. Saa 8 usiku ulikuwa unataka tuugue ili uwe salama.

Asubuhi tulikwenda kwa mchungaji wetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: "Kwa nini hamkusema mnakwenda kupumzika?" Tukamwonyesha paa. Akasema, "Nani aliwaambia kwamba Mungu hapumzishi watu mpaka paa liishe?" Hakuna aliyetuambia. Katika darasa la kipaimara, miaka zaidi ya 40 iliyopita, tulikariri amri ya tatu ya kuitakasa siku ya kupumzika, tukaielewa kuwa ni amri ya kufika kanisani. Tukafika. Tukafika Jumapili asubuhi kwenye ibada, mchana kwenye kamati, jioni kwenye kwaya. Mchungaji akatukumbusha habari ya Marko 6, wanafunzi wamerudi wamechoka, watu ni wengi hata nafasi ya kula hawana, na Bwana anawaambia waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Mume akajibu, kwa ukali kiasi, kwamba mapumziko yale hayakufika popote, maana umati ulitangulia ng'ambo na ikabidi watu 5,000 walishwe. Mchungaji akakubali. Akasema hata hivyo Bwana aliona uchovu wao kabla ya kuona umati, na hawakumdanganya mtu kuhusu walikokuwa wakienda. Kisha akasema bahasha tutairudisha wenyewe, si yeye, na tutairudishia pale pale kwenye jumuiya.

Tulikubaliana aanze mume. Siku ilipofika alianza mke. Alisema, "Miguu yangu haiendi hospitali. Inakwenda ufukweni. Tulificha kwa sababu tuliwaonea aibu ninyi na paa." Akaweka bahasha mezani.

Mtu anapotoa ushuhuda kanisani hutarajia "Haleluya". Sisi tulipata ukimya. Kisha mzee mmoja wa kanisa akasema taratibu, "Wengine hapa hata Ziwa Jipe hatulijui." Mwingine akauliza lile tulilolitegemea na ambalo liliuma hata hivyo: hiyo fedha ya likizo, mtunza hazina ameipata wapi?

Hakuwa na kosa kuuliza. Aliyesema uongo kuhusu miguu anaweza kusema uongo kuhusu misumari. Kamati ikaamua vitabu vikaguliwe tangu Januari, na ikatubidi kumpigia shangazi wa Ushongo kumwambia hatuji kwanza. Ukaguzi ulichukua majuma matatu. Bahasha moja moja, risiti moja moja, mnada wa mazao wa kila Jumapili mmoja mmoja. Mwishoni zilipungua 11,500. Tunaomba mfikirie nyumba yetu ilivyokuwa siku nne zile. Mume hakula vizuri. Alikuwa tayari kuilipa kutoka kwenye kopo, na mke alimkataza: ukilipa, utakuwa umekiri. Risiti ilipatikana kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la Jumapili, risiti ya misumari na waya, shilingi 11,500 kamili, imelowa jasho lakini inasomeka.

Kamati iliandika kwamba vitabu viko sawa. Mzee yule wa Ziwa Jipe alitupa mkono. Aliyeuliza swali hakutupa, na mpaka tunaandika hapa salamu yake ni fupi. Tunamwombea, na tunajua sisi ndio tuliompa sababu. Mume aliomba kupumzishwa uhazina, akakubaliwa haraka kuliko alivyotarajia, jambo lililomuumiza wiki nzima na baadaye likamfurahisha.

Bahasha, karibu wote walichukua fedha zao, kama ilivyo haki. Bibi mjane alikataa. "Fedha yangu niliwapa ninyi, sikuipa miguu," alisema. Tukamsihi. Akafikiri, akasema kama tunaona uzito sana basi tumletee maji ya bahari kwenye chupa. Baba yake aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, akawa anawaambia watoto kwamba kuna maji mengi kuliko mlima na yote yana chumvi, na mama yao alikuwa anasema huyo baba yenu ni mwongo. "Nataka niyaonje nijue nani alikuwa mwongo."

Tuliondoka mwanzo wa Oktoba, na kwa ajili ya yale majuma matatu mpango wetu wote wa mwezi ulikuwa umeharibika. Tulifika bamvua, kinyume kabisa na tulivyoshauriwa. Shangazi alitupokea kivukoni Bweni, mama mnene mwenye kicheko, tukampa shikamoo, akasema, "Marahaba wanangu, mmekuja na mwezi mpevu. Basi hamtaoga. Mtatembea."

Na kweli tulitembea. Saa 4 asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, bahari imekwenda mbali hata mawimbi hayasikiki, na tuliingia kwa miguu mahali ambapo jioni yake kungekuwa na maji ya kuzidi kimo cha mtu. Wanawake wa kijiji walikuwa wameinama na ndoo zao wakitafuta pweza kwenye mawe. Mchanga una mistari kama ubao wa kufulia. Mke alivua viatu, akasimama kwenye kidimbwi cha maji ya vuguvugu, akakaa hapo muda ambao mume aliupima kwa saa, dakika 40, kisha akaacha kuupima. Hakuna aliyetujua. Hakuna aliyepiga hodi. Siku ya kwanza tulizungumza kuhusu usharika, ya pili kuhusu watoto, ya tatu tulinyamaza, na siku ya nne mume akamwambia mke jambo kuhusu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu ambalo hakuwa amelisema kwa miaka 30, nasi hatutaliandika.

Mvuvi mmoja alitupeleka kwa mashua kuona Maziwe, kisiwa cha mchanga kilichoko nje ya Pangani. Wazee wa pale wanakumbuka kikiwa na mivinje mirefu. Miti ikaisha, na sasa maji yakijaa sana kisiwa kinafunikwa chote, ungedhani hakipo. Kasa bado wanapanda pale kutaga, maana kasa anashikilia ufukwe wake, na mayai yakiachwa yatazama. Kwa hiyo watu wanayachimbua kwa mikono, wanayavusha kwa mashua mpaka Ushongo, na kuyazika upya kwenye mchanga mkavu. Yanakaa karibu miezi miwili. Tulionyeshwa mahali yalipozikwa, vijiti vinne na kamba. Tulitazama ule mchanga. Hakuna kilichotokea, nasi tukaridhika.

Tuliporudi Pangani mjini tulionyeshwa pia ng'ambo ya mto, upande wa Kikogwe, mahali ambapo mkonge wa kwanza nchini ulipandwa mwaka 1893. Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida, na katika safari yote ile inasemekana miche 62 tu ndiyo iliyosalimika. Kutoka hiyo yakaenea mashamba yote yale, na baba wa bibi yetu akapata kazi.

Alfajiri ya mwisho tulisikia adhana kutoka kijijini, tukaamka nasi tukasali sala zetu barazani. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye minazi. Mke alikunja kanga, akaingia mpaka magotini, akazamisha chupa ya plastiki ya nusu lita. Mara ya kwanza iliingia mchanga. Akaimwaga, akajaza tena.

Basi lilikuwa limejaa, na chupa tuliipakata kwa zamu mpaka Moshi. Tulifika kwa bibi Jumamosi mchana, akiwa anachambua maharage. Hakutuuliza habari za safari. Alipokea chupa, akainua juu akaitazama kwenye mwanga, akasema, "Mbona ni meupe kama ya mfereji?" Akafungua, akamimina kidogo kwenye kiganja, akaonja.

Alitema. Kisha akacheka mpaka akashika mlango.

"Baba," alisema, wala hakuwa anazungumza na sisi. Akafunga chupa vizuri, akaiweka dirishani karibu na picha ya marehemu mume wake, akatuambia tukae, kuna uji.